Ndoa, Kamera na Mlima Mikeno

Tarehe 21 Aprili 2025 Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilitimiza miaka 100. Ilikuwa siku ya kupigiwa ngoma, kwa kuwa ndiyo hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote barani Afrika. Lakini huku Masisi, mashariki mwa Kongo, nani angepiga ngoma? Goma na Sake zilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari, na familia nyingi zilikuwa bado zinaulizana nani amerudi na nani yuko njiani. Sherehe ikapita juu kwa juu.

Inauma, maana miaka hiyo 100 ilianza na filamu, na filamu hiyo ilipigwa hapa kwetu. Ukungu ukiondoka juu ya malisho ya Karuba, mtu akitazama mashariki anaona Nyamulagira na Nyiragongo, na nyuma ya milima hiyo ndiko iliko Mikeno, mita 4,437, mlima wenye kilele kilichochongoka. Siku hizi katika nchi zenye amani wapenzi wanapakia gari na kwenda kuona mahali filamu waliyoipenda ilipopigwa. Wapo wanaofika Momella, Tanzania, chini ya Mlima Meru, kwa ajili ya *Hatari!* ya John Wayne. Njia yetu sisi ingeanzia Karuba, ishuke Sake, ipite Goma hadi Rumangabo, kisha ipande Bukima kwa miguu. Na wengi wa waliopeleka kamera huko mlimani walikuwa mke na mume.

Wa kwanza alifika bila mke. Carl Akeley, Mmarekani aliyekuwa fundi wa kukausha ngozi za wanyama na kuwasimamisha kama wangali hai, alikuja mwaka 1921 kwa niaba ya Makumbusho ya Historia ya Asilia ya New York. Alifuatana na familia ya Bradley, pamoja na binti yao Alice wa miaka sita, ambaye ukubwani aliandika hadithi za kubuni kwa jina la James Tiptree. Akeley alikuja na kamera aliyoibuni mwenyewe. Ilikuwa ya duara, bapa kama kikaango, na kichwa chake kiligeuka kwa ulaini kiasi kwamba mpigaji aliweza kumfuata mnyama anayekimbia bila picha kuruka. Kwa kamera hiyo, kwenye miteremko ya Mikeno, aliwapiga picha magorila katika msitu wao. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Safari hiyo pia iliua magorila watano kwa ajili ya makumbusho. Katika kitabu chake cha mwaka 1923, *In Brightest Africa*, Akeley anakiri kwamba alipomtazama mmoja wao akiwa chini, ilimbidi ajikaze kwa jina la sayansi asijione muuaji. Tukio hilo ndilo lililomgeuza. Alirudi Marekani akisema kwamba mnyama huyu aliyetangazwa kuwa jinamizi ni mpole, anayejali watoto wake, na kwamba asipolindwa ataisha. Mfalme Albert wa Ubelgiji, aliyekuwa ameziona hifadhi za Marekani mwaka 1919, alimsikiliza. Amri ya mwaka 1925 ya kuanzisha hifadhi ikazaliwa hapo.

Mwaka 1926 Akeley alirudi, safari hii na mke wake Mary Jobe, ambaye alikuwa mpanda milima hata kabla hajamjua. Walipitia Kenya na Uganda, kisha wakapanda na wapagazi kupitia misheni ya Lulenga. Carl alikuwa mgonjwa tangu Nairobi. Walifika Kabara, uwanda ulio kati ya Mikeno na Karisimbi, mahali alipopaona mwaka 1921 akapasifu kuliko pote duniani. Tarehe 17 Novemba akafia hapo ndani ya hema. Mary alimzika katika mwamba wa volkano, kisha hakushuka: alibaki kusimamia mchoraji, kukusanya majani na magome, kumaliza kazi waliyoijia. Kitabu chake, *Carl Akeley's Africa*, ni cha mjane, na kila ukurasa unamsifu marehemu. Lakini matokeo ya ukaidi wake yako New York hadi leo: onyesho la magorila lililofunguliwa mwaka 1936, ambalo nyuma yake zimechorwa Nyiragongo na Nyamulagira. Milima ya Masisi iko ng'ambo tu ya moshi wa picha ile.

Sasa tufike kwenye aibu kubwa ya hadithi hii.

Mwaka 1930, miaka minne baada ya kifo cha Akeley, majumba ya sinema ya Marekani yalijaa watu kutazama filamu iliyoitwa *Ingagi*. Walioitengeneza waliipa kampuni yao jina la Congo Pictures. Walitangaza kwamba ni kumbukumbu ya kweli ya safari ya bwana mmoja wa London, Sir Hubert Winstead, aliyeingia ndani kabisa ya Kongo na kukuta kabila linalotoa wanawake wake kwa magorila. Foleni zilizunguka majengo. Fedha zikamiminika.

Hapakuwa na Sir Hubert Winstead. Gorila alikuwa Charles Gemora, Mfilipino mcheza filamu, ndani ya ngozi ya manyoya aliyoishona mwenyewe. Wale walioitwa mbilikimo walikuwa watoto weusi wa Los Angeles. Picha nyingi za wanyama ziliibwa kutoka filamu ya mwaka 1915, *Heart of Africa*. Na kulikuwa na mnyama mpya wa sumu aliyedaiwa kugunduliwa na msafara. Wataalamu wa wanyama walipomchunguza vizuri, waliona ni kobe aliyegundishwa magamba, mabawa na mkia mrefu. Kobe yule alitembea mbele ya kamera, watu wakashangilia.

Wanasayansi walipiga kelele, ofisi ya maadili ya Hollywood ikachunguza, Gemora akakiri kwa kiapo, na mwaka 1933 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikakataza filamu hiyo kutangazwa kama ya kweli. Mwaka huohuo *King Kong* iliingia sokoni, na wapo wanaoamini kwamba bila faida ya *Ingagi* hakuna ambaye angetoa fedha za kuitengeneza. Akeley alikuwa ametumia maisha yake kufuta jinamizi. Studio moja ya Los Angeles ililirudisha bila kukanyaga Kongo, na kashfa ile haikumwangukia gorila peke yake. Iliwaangukia mabibi zetu pia.

Ndiyo maana safari ya Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Kansas, ilisubiriwa kwa hamu. Hao walifika Kongo kweli, na malori yaliyobeba mitambo ya kunasa sauti. *Congorilla*, iliyotoka mwaka 1932, ilinadiwa kuwa filamu ya kwanza yenye sauti iliyopigwa Afrika tupu. Magorila waliyowapiga picha walikuwa wa milima ya Alumbongo, upande wa Lubero, ndugu wa karibu wa wale wanaoishi katika misitu ya Walikale. Lakini ukweli wao nao ulikuwa na mipaka. Huko Ituri, Osa aliwawekea Wambuti santuri ya jazi akacheza nao, na mzee mmoja akapewa sigara kubwa ili watazamaji wa New York wacheke. Magorila wawili wadogo walikamatwa, wakapelekwa San Diego mwaka 1931 na kuitwa Mbongo na Ngagi. Walidhaniwa kuwa dume na jike, wakaja kuonekana wote madume. Mbongo alikufa 1942, Ngagi 1944. Hawakuacha uzao.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mtafiti George Schaller na mkewe Kay waliishi Kabara kuanzia 1959, Schaller akiwasoma magorila wale bila bunduki. Mwaka 1963 Alan na Joan Root, wanandoa wapiga filamu kutoka Kenya, walikuwa wamepiga kambi palepale Dian Fossey, Mmarekani ambaye baadaye angekuwa mtafiti wa magorila, alipopanda kwa mara ya kwanza. Fossey alianza kazi Kabara mwaka 1967. Vurugu zikamtoa baada ya miezi, akahamia Rwanda. Hivyo *Gorillas in the Mist* ya mwaka 1988, filamu kuhusu maisha yake, ilipigwa Rwanda, na watalii wakaifuata filamu huko. Kaburi la Akeley lilivunjwa na majangili. Mwaka 2014 ikaja *Virunga* ya Orlando von Einsiedel, kuhusu walinzi wa hifadhi na mafuta, ikafika hadi kwenye orodha ya Oscar.

Katika karne yote hiyo, majina tuliyonayo ni ya wenye kamera. Tunalijua jina la Wimbia Gikungu, Mkikuyu aliyeandamana na Akeley miaka mingi, aliyeitwa Bill. Wapagazi wa Kivu waliobeba masanduku ya filamu hadi Kabara katika baridi na matope ni umati usio na majina. Wajukuu wao wako Rugari, wako Rutshuru, pengine wako pia katika kambi za waliokimbia vita.

Na kijana wa Karuba mwenye mchumba na pikipiki hawezi kwenda. Utalii wa Virunga umefungwa mara kwa mara tangu 2018, na barabara ina vizuizi vya wenye silaha. Basi picha zimfuate yeye. Goma ina kituo cha sanaa cha Yole!Africa, ina vijana wanaojua kuendesha tamasha la filamu. Makumbusho ya New York yangeweza kutuma nakala ya kidijitali ya zile picha za Mikeno za 1921 kwa gharama ndogo kuliko ya kupaka rangi ukuta mmoja wa jengo lake. Wakuu wa hifadhi waziombe. Zioneshwe Goma, zioneshwe Sake, halafu zipande hadi Karuba na Walikale, na wazee wakae mbele, waeleze waliyoyasikia kwa baba zao kuhusu mzungu aliyezikwa Kabara na watu waliombeba.