Historia kidato cha nne: Wanaojua tarehe nao hufeli

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka ifikapo Novemba, maelfu ya wanafunzi wa kidato cha nne nchini huingia katika vyumba vya mitihani wakiwa na kalamu, rula na vichwa vilivyojaa tarehe. Somo la Historia limepewa jina la somo la kukariri, na wazazi wengi mijini huamini kuwa mtoto mwenye kumbukumbu nzuri hana haja ya kuhangaika nalo. Afadhali fedha za masomo ya ziada ziende kwenye Hisabati na Fizikia. Imani hiyo ndiyo inayowaponza watahiniwa wengi.

Ukweli ni kwamba mtihani wa Historia wa Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, haumpimi mtahiniwa anakumbuka nini tu. Humpima pia kama ameelewa jambo moja lilizaaje jingine, kama amelisoma swali lilivyo, na kama anaweza kulijibu kwa Kiingereza kinachoeleweka ndani ya saa tatu. Mtahiniwa anaweza kuijua historia ya nchi yake barabara, kisha akaanguka katika mojawapo ya hayo matatu. Na anayeanguka hupoteza mengi, kwa kuwa anayetaka kuendelea na kidato cha tano katika tahasusi za HGL, HKL au HGE hana njia ya kulikwepa somo hili.

Tuchukue maswali ya kupanga matukio kwa mfuatano wa wakati, ambayo yamewatesa watahiniwa kwa miaka mingi. Mwanafunzi hupewa sentensi zilizochanganywa, mara nyingi bila mwaka hata mmoja. Aliyekariri miaka hukwama papo hapo, lakini aliyeelewa chanzo na matokeo huzipanga bila shida.

Mfano mzuri ni jinsi Wajerumani walivyoingia nchini. Mkutano wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1884. Wakati wajumbe wakijadiliana huko, Karl Peters alikuwa akizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba kutoka kwa machifu. Mikataba hiyo ndiyo iliyompa hoja ya kuomba hati ya ulinzi wa Kaisari, akaipata Februari 1885. Hati hiyo iligusa maeneo ambayo Sultani wa Zanzibar aliyahesabu kuwa yake, hivyo ikabidi Uingereza na Ujerumani zikubaliane mwaka 1886, na Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wa maili 10. Kampuni ya Peters ilihitaji bandari, ikaukodi ukanda huo mwaka 1888, na ubabe wa maofisa wake ukawasha vita vya Abushiri mwaka huohuo. Kampuni ikashindwa kuvizima, serikali ya Ujerumani ikamtuma Wissmann, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1890 ukafuata mkataba wa Heligoland, na kuanzia Januari 1891 serikali yenyewe ikashika utawala badala ya kampuni.

Msomaji ataona kuwa hapo hakuna tukio linaloweza kuhamishwa. Vita vya Abushiri haviwezi kutangulia ukodishaji wa pwani, wala Wissmann hakuwa na sababu ya kuja kabla ya vita. Mwanafunzi anayeweza kuusimulia mlolongo huo mezani nyumbani, kwa Kiswahili, bila daftari, amekwisha kujiandaa kwa nusu ya mada ya kuingia kwa ukoloni. Mada nyingine, kama vile harakati za uhuru, husomeka hivyohivyo: kutoka kuundwa kwa TAA mwaka 1929, TANU Julai 7, 1954, kura tatu za mwaka 1958 na 1959, hadi uhuru Desemba 9, 1961.

Kosa la pili ni kutosoma swali. Mwandishi wa makala haya analijua vizuri, maana alilifanya mwenyewe. Swali la mtihani wa majaribio liliuliza athari za vita vya Majimaji. Nilijaza kurasa tatu kwa furaha: kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi, ukatili wa maakida, Kinjeketile Ngwale na maji yake ya Ngarambe. Yote yalikuwa kweli, lakini yote yalikuwa sababu. Kuhusu athari, yaani njaa kubwa iliyoua watu wengi kuliko risasi, vijiji vilivyobaki mahame kusini, na mabadiliko ya sera chini ya Gavana Rechenberg kuanzia mwaka 1906, sikuandika hata mstari. Alama nilizopata sizitaji hapa.

Dawa yake ni ndogo: kabla ya kuandika insha, pigia mstari neno linaloagiza (eleza, linganisha, tathmini) na neno linalotaja kipindi au mahali. Kisha andika hoja pembeni kwa maneno machache. Hoja isiyolijibu neno lililopigiwa mstari ifutwe, hata kama ni tamu.

Kuhusu ramani, uzuri wa mchoro hauna maana sana. Kinachohitajika ni umbo la Afrika linalotambulika na mahali palipowekwa upande wake sahihi. Olduvai iko kaskazini, Isimila iko Iringa, Kilwa iko pwani ya kusini, na Zimbabwe Kuu iko kusini mwa mto Zambezi. Kuchora mara moja kwa siku kwa wiki mbili kunatosha.

Suala zito zaidi ni lugha. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, lililokuja na mageuzi ya mtaala ya mwaka 2023, hufundishwa kwa Kiswahili. Lakini somo la Historia lenyewe limekuwa likifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo mtoto mwenye hoja tano hubaki na mbili, kwa sababu tatu hakujua namna ya kuziandika. Hili halitibiwi kwa kukariri insha za vitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa vituo vya daladala. Swali likibadilishwa kidogo tu, insha hiyo haifai tena. Yafaa mwanafunzi aandike aya moja kila siku kwa Kiingereza chake mwenyewe, sentensi fupi fupi, na mwalimu aisahihishe. Aanze mapema, si Oktoba.

Baraza la Mitihani pia hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, zikiwa na mifano ya majibu mazuri na mabovu. Taarifa hizo zinapatikana bure katika tovuti yake, ingawa shuleni ni nadra kumkuta mwanafunzi aliyezisoma.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Jumamosi moja katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, itasaidia mada ya chimbuko la binadamu, hususan habari za Zinjanthropus aliyegunduliwa na Mary Leakey Olduvai Julai 1959. Walio Iringa wanaweza kufika Kalenga, lilipo fuvu la Mkwawa lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mtoto aende na daftari na kitambulisho cha shule.