Gari la Kulala Nyikani: Historia ya Kupigana na Kilo

Hapa tumezoea kuongea mambo ya programu na tarakilishi, lakini leo nataka tuongee magari. Nazungumzia magari ya kulala: yale mabasi madogo yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani, na hasa yale yanayoweza kuendelea na safari lami ikiisha.

Sababu yangu ni ya mfukoni. Mimi na rafiki zangu wawili tunachanga pesa tutengeneze gari la aina hiyo, la kutufikisha Loiyangalani na jangwa la Chalbi. Kabla ya kumpa fundi hata shilingi moja, niliamua kusoma waliotutangulia walijenga nini na walilipia nini. Nimegundua kwamba kabla ya kuuliza gari linagharimu pesa ngapi, ni heri uulize kila kilo unayoongeza itakudai nini baadaye.

Tuanzie Ujerumani. Tarehe 23 Aprili 1947, Mholanzi mmoja muuza magari, Ben Pon, alichora kwenye daftari lake sanduku lenye magurudumu, dereva mbele kabisa na injini nyuma. Machi 1950 Volkswagen walianza kulitengeneza kiwandani. Ndilo gari ambalo wengi huku kwetu tulikuja kuliita Kombi. Injini yake ilikuwa ya Beetle, cc 1131, nguvu za farasi 25 tu. Ili injini ndogo hivyo ivute mzigo, waliweka gia za kupunguza mwendo kwenye magurudumu ya nyuma, wazo lililokuwa limeshatumika kwenye gari la kijeshi la Kübelwagen. Sisi waandishi wa programu tunaijua tabia hiyo: chukua kipande kilichokwisha kufanya kazi kwingine, usiandike upya.

Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ilileta kitu kinachonivutia kuliko vyote katika historia hii. Kiliitwa Camping Box. Lilikuwa kabati la mbao lenye vifaa vya kambi na sehemu ya kulala, ambalo mwenye gari angeweza kuliingiza na kulitoa. Jumatatu mpaka Ijumaa gari linabeba bidhaa za duka, Jumamosi linakuwa nyumba. Kwa Mjerumani wa miaka ile, vita vikiwa vimeisha juzi tu, gari la pili lingekuwa ndoto. Kabati lile lilimwezesha kulipia gari moja na kupata kazi mbili.

Baadaye watu walitaka zaidi, na kubwa walilotaka ni kusimama wima ndani. Ukiinua paa moja kwa moja, gari linakuwa refu, upepo unalisukuma na kitovu cha uzito kinapanda. Kwenye njia iliyoinama upande, hapo ndipo gari linapolala ubavu. Waingereza wa Martin Walter, mjini Folkestone, walitumia paa linalofunguka kwa bawaba za upande mmoja, lenye kitambaa cha mistari. Magari yao yalijulikana kama Dormobile, na walifikia kuweka paa hilo hata juu ya Land Rover. Ukiwa safarini paa liko chini. Ukisimama unaliinua. Magari ya watalii ya Nairobi yenye paa la kuinuka yanafuata akili hiyo hiyo, ila humo watu husimama kutazama simba badala ya kupika ugali.

Likabaki suala la njia mbaya. Katika miaka ya 1970, Gustav Mayer, mhandisi aliyesimamia magari haya pale Volkswagen, aliamini Kombi linaweza kwenda jangwani. Yeye na wenzake walitengeneza magari machache ya majaribio yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne na kuyapeleka Sahara. Hayakuingia sokoni, lakini wazo halikufa. Mwaka 1985 likatoka Syncro, lililoundwa Graz, Austria, na Steyr-Daimler-Puch, kampuni iliyokuwa na uzoefu wa magari ya milimani kama Pinzgauer.

Hapa ndipo penye somo la uhandisi. Badala ya kuweka sanduku la pili la gia kama la Land Rover, lenye uzito wake na bei yake, walitumia kiunganishi cha visahani vilivyozama ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, visahani vinazunguka kwa kasi tofauti, mafuta yanapata joto na kukaza, na nguvu inahamia mbele yenyewe. Hakuna swichi wala kompyuta. Kwa kuwa hakukuwa na gia za chini za ziada, waliongeza gia moja ya kutambaa. Anayetaka zaidi alilipia kufuli za difu, au toleo la magurudumu ya inchi 16 lililoimarishwa bodi.

Kiunganishi hicho kina deni lake. Ukivaa tairi zisizolingana mbele na nyuma, visahani vinasuguana hata kwenye lami, na mafuta yakizeeka kinakaza muda wote na kuumiza difu. Kuweka akiba kwenye tairi kunaweza kukuletea hasara kubwa zaidi kwenye gia.

Sasa turudi nyumbani. Syncro hatuwezi kuleta: Kenya gari la mtumba lisizidi miaka minane, na usukani uwe kulia. Lakini Toyota Hiace ya magurudumu manne kutoka Japani inatumia kiunganishi cha aina hiyo hiyo. Tatizo lake ni kwamba tumbo liko chini kwa mawe ya Loiyangalani. Unaweza kuliinua, ila ukiinua unabadilisha springi, pembe za shafti na kitovu cha uzito, na kila badiliko lina ankara yake.

Kwa hiyo nilifungua jedwali nikapiga hesabu ya kilo kabla ya shilingi. Watu watatu, kilo 225. Maji lita 80, kilo 80. Betri mbili za asidi za Ah 100, karibu kilo 60, na unashauriwa utumie nusu tu ya umeme wake. Betri moja ya lithiamu ya Ah 100, kilo kama 12, inakupa karibu umeme ule ule. Plaiwudi ya milimita 18, ubao mmoja ni zaidi ya kilo 30. Ukitumia mbao nne za milimita 9, unapunguza kilo kama 64. Hayo mawili tu yanaondoa zaidi ya kilo 100 bila kuacha kitu chochote nyumbani.

Lithiamu ni ghali dukani, kweli. Lakini uzito haukai peke yake: unataka springi ngumu zaidi, breki zinachoka, tairi zinapasuka mapema, na mafuta unalipa kila kilomita.

Rafiki yetu mmoja bado anataka bafu la kudumu ndani. Nimempelekea jedwali. Mimi kura yangu ni ya mwaka 1951: kabati linalotoka, ili siku za kazi gari libebe mzigo na kujilipia. Tukishapata gari, litaenda mizanini likiwa tupu kabla fundi hajakata ubao wa kwanza. Namba hiyo ndiyo itakayosema bafu linakaa au halikai.