Laini ya Simu Ndani ya Boksi la Sola

Swali dogo tu, msomaji wangu: lile boksi la sola lililopigiliwa ukutani kwa bibi kule kijijini, linaongea na nani?

Usidhani limekaa kimya. Mengi ya maboksi yanayouzwa kwa mkopo yana laini ya simu ndani yake, kama hiyo iliyomo kwenye simu yako. Boksi huamka, hutuma habari za betri na paneli, hupokea amri, kisha hulala tena. Sasa kwa nini laini ya simu na siyo Wi-Fi, ambayo sisi wa mjini tunaiona ndiyo rahisi? Ukilifuatilia swali hili utakuta kwamba mambo ya mitambo ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni suala la nani anashika swichi.

Tuanze na mitambo. Simu ya kwanza ya GSM ilipigwa Finland mwaka 1991. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kilitoka mwaka 1997, na jina lenyewe likaja mwaka 1999. GSM ilijengwa kwa minara inayofika kilomita kadhaa. Wi-Fi ilikusudiwa ofisi na nyumba, na ukifika uani tayari inakohoa. Tena Wi-Fi inataka ruta, na ruta inataka umeme saa zote. Ruta ya kawaida hula wati 5 hadi 10. Paneli ya mfumo mdogo wa nyumbani ilikuwa ya wati 8! Yaani ungefunga sola ili kuwasha ruta, na bibi abaki na kibatari chake.

Sasa tuje kwenye pesa. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007. Mwaka 2011 kampuni ya Kiingereza iitwayo Eight19 ilileta mfumo wa Indigo, uliotumia vocha za kukwangua: unanunua vocha, unatuma meseji, unarudishiwa namba za siri, unazibonyeza kwenye boksi na taa zinawaka. Boksi lenyewe halikuwa na mtandao wowote. Mwaka uliofuata, 2012, ikaja M-KOPA. Mmoja wa waanzilishi wake, Nick Hughes, alikuwa miongoni mwa waliobuni M-Pesa alipokuwa Vodafone. Safari hii laini ikawekwa ndani ya boksi. Mteja alitoa malipo ya kianzio, kisha akalipa kidogo kidogo kila siku kwa simu, shilingi 50 hivi za Kenya, kwa mwaka mmoja. Ukilipa, amri inapita hewani na taa zinawaka. Usipolipa, zinazimwa.

Hapo ndipo penyewe. Laini ile iliwekwa ili kulinda mkopo. Afya ya betri ilikuwa faida ya ziada. Na bila ufunguo huo, nani angemkopesha mkulima asiye na hati wala akaunti ya benki? Kwa hiyo tusiubeze. Mamilioni ya watu wamepata mwanga kwa njia hii. Lakini tukumbuke kwamba laini hiyo si ya bibi. Ni ya kampuni.

Marekani mambo yalikwenda upande mwingine. Kule nyumba ilikuwa na umeme na intaneti kabla ya sola, kwa hiyo inverta nyingi ziliunganishwa na Wi-Fi ya mwenye nyumba. Akibadilisha neno la siri la ruta, kampuni haioni kitu tena, lakini umeme unaendelea kutoka. Waliochagua laini za simu nao walipata yao: AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa 2017, na 3G Februari 2022. Vifaa vilivyotegemea mitandao hiyo vikawa bubu mpaka vibadilishwe modemu, wakati paneli hudumu miaka 25 au zaidi!

Na kampuni nayo hufa. Mobisol ya Berlin, iliyouza sola za mkopo zenye modemu ya simu Tanzania, Rwanda na Kenya, iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2019. Bahati nzuri Engie ya Ufaransa iliinunua mwaka huohuo. Je, asingetokea mnunuzi, nani angetuma amri ya kufungua boksi la mtu aliyebakiza malipo mawili?

Kwa hiyo, wewe unayetaka kumkopea mama sola, usiishie kuuliza wati ngapi na taa ngapi. Uliza laini iliyomo ni ya mtandao gani. Uliza siku mnara ukizimwa, au kampuni ikifunga duka, taa zitawaka au hazitawaka. Na deni likiisha, uliza kama boksi linafunguliwa moja kwa moja, na majibu yaandikwe kwenye mkataba. Mwanga ambao mtu aliye mbali anaweza kuuzima bado haujawa wako, hata kama unawaka sebuleni kwako.

Tafakari.