Mbwa wa kienyeji wa Ngara na Biharamulo

Mbwa wa kienyeji wa Ngara na Biharamulo ni mbwa wenye manyoya mafupi wanaofugwa vijijini katika wilaya hizo mbili za mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Si aina iliyoandikishwa na chama chochote cha wafugaji wa mbwa, wala hawana jina la pekee. Kwa Kiswahili huitwa tu mbwa wa kienyeji, na katika lugha za jirani za Kirundi na Kinyarwanda ni imbwa. Hawatofautiani na mbwa wa vijijini wa Burundi na Rwanda, kwani mpaka haujawahi kuwazuia. Kazi yao kubwa ni kulinda nyumba na zizi.

Asili

Mbwa hakufugwa kwanza Afrika. Aliingia barani kutoka Asia kupitia Misri maelfu ya miaka iliyopita, akasambaa kusini pamoja na wafugaji na wakulima. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, ulionyesha kwamba mbwa wa Uganda wana damu ya Kiafrika karibu yote, huku baadhi ya wale wa Namibia wakiwa wamechanganyika na mbwa wa Ulaya. Kwa hiyo neno "koko", ambalo watu hulitumia kwa dharau, halielezi vizuri asili ya mbwa hawa: ni ukoo wa zamani, si mabaki ya mbwa wa kizungu.

Sifa

Mbwa mzima huwa na uzito wa kilo 12 hadi 20 hivi, jike akiwa mdogo kuliko dume. Rangi ya kawaida ni kahawia, lakini weusi, weupe na wenye mabaka wako pia. Mwili ni mwembamba, miguu mirefu, na mkia mara nyingi hujikunja juu. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 63.

Mbwa huyu si mchungaji kwa maana ya Ulaya Kaskazini. Kule mbwa wa Wasami huongoza kundi la kulungu wa Aktiki, na mbwa wa Iceland hukusanya kondoo milimani kwa kubweka. Ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu huongozwa na mchungaji mwenyewe, kwa sauti na fimbo. Mbwa hufuata tu. Thamani yake huonekana usiku, anapobweka fisi, chui au mwizi akisogea. Manyoya mafupi humfaa katika joto, wakati mbwa wa kaskazini wenye manyoya ya tabaka mbili hutaabika.

Nagana

Ugonjwa unaohitaji kuangaliwa zaidi hapa ni nagana, kwa sababu misitu ya miombo ya Biharamulo na maeneo ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ni makazi ya mbung'o. Ng'ombe mwenye nagana anaweza kudhoofika polepole kwa miezi. Kwa mbwa ugonjwa huenda haraka: homa, ufizi kupauka, uso na miguu kuvimba, kukonda, na kifo baada ya wiki chache asipotibiwa. Dalili inayotambulika kwa urahisi ni macho kuwa na ukungu wa rangi ya maziwa au samawati. Ukungu huo unaweza kudhaniwa kuwa jeraha la fimbo au mate ya nyoka, na siku za matibabu zikapotea.

Dawa ya diminazini, ambayo wafugaji huijua kwa ng'ombe, hutumika pia kwa mbwa. Hata hivyo tofauti kati ya kipimo kinachoponya na kinachodhuru ubongo wa mbwa ni ndogo. Mbwa aliyechomwa sindano kwa kukisia anaweza kupepesuka, kupata degedege na kufa, hivyo apimwe uzito kwanza na atibiwe na daktari wa mifugo.

Kuna sababu nyingine ya kutopuuza mbwa mwenye macho yenye ukungu. Vimelea vya malale, yaani ugonjwa wa binadamu uletwao na mbung'o, huweza kuishi katika damu ya wanyama. Mbwa anayeugua nagana bila kutoka nje ya kijiji anaonyesha kwamba mbung'o wako karibu na nyumba za watu.

Kichaa cha mbwa

Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa duniani husababishwa na kuumwa na mbwa, na sehemu kubwa ya wanaokufa ni watoto. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya kuchanjwa siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kufunga jeraha kwa majani au kungoja kuona kama mbwa atakufa kumegharimu maisha ya watu.

Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, virusi hukosa njia ya kuendelea kuenea. Kikwazo cha kawaida ni kidogo tu: mbwa ambaye hajawahi kufungwa kamba hakamatiki siku ya chanjo. Mtoto wa mbwa azoeshwe kamba mapema.

Chakula na minyoo

Mbwa hula mabaki ya ugali, ndizi, maharage na dagaa, na hustawi akipata pia maji safi. Mahindi yaliyoota ukungu asipewe, ingawa ndivyo hufanyika mara nyingi: sumukuvu iliyomo huharibu ini la mbwa na kumuua.

Hatari kubwa zaidi iko machinjioni. Mapafu na maini yenye vifuko vya maji yakitupiwa mbwa mabichi, tegu aitwaye Echinococcus granulosus hukua tumboni mwake, na mayai yanayotoka na kinyesi humwingia mtu kwa mikono, maji au mboga. Vifuko hukua kimyakimya katika ini la mtu kwa miaka. Katika Afrika Mashariki ugonjwa huu unajulikana hasa Turkana, Kenya. Iceland nayo iliteswa nao vikali katika karne ya 19. Mwaka 1864 ulitolewa huko mwongozo wa daktari Harald Krabbe uliowaeleza watu waache kuwapa mbwa matumbo mabichi. Sheria za kuwatibu mbwa zikafuata, na ugonjwa ukatoweka katika karne ya 20. Mji wa Reykjavík ulipiga hata marufuku kufuga mbwa mwaka 1924, marufuku iliyodumu hadi 1984. Mfugaji wa Ngara hahitaji kufika huko: nyama yenye vifuko ichomwe au ifukiwe kwa kina, na mbwa apewe dawa ya minyoo.

Funza nao huingia katika vidole vya mbwa, kisha huenea kwa watoto wanaolala au kucheza kwenye sakafu ileile ya vumbi.

Mbwa na wanyamapori

Mbwa wa vijiji vya kando ya hifadhi huambukizana magonjwa na wanyamapori. Mwaka 1994 takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa, na baada ya hapo mbwa wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti wakaanza kuchanjwa. Burigi-Chato ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, kutokana na mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi. Ndani yake uwindaji hauruhusiwi, pamoja na ule wa asili wa kutumia mbwa waliovishwa njuga.