Uhawilishaji fedha: jina la kitaalamu la pesa ya viatu na madaftari

Katika nyaraka za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, imo istilahi ndefu ambayo wanaohusika nayo zaidi huitamka kwa nadra: uhawilishaji fedha wenye masharti. Maana yake ni kwamba serikali huipa kaya maskini fedha taslimu kwa vipindi vinavyojulikana, na sehemu ya fedha hizo hutegemea kaya kutimiza mambo mawili makubwa, mtoto kuhudhuria shule na mtoto mchanga kupelekwa kliniki. Kijijini hakuna anayesema hivyo. Watu husema "pesa za TASAF", na mtu aliyeandikishwa husemwa "yumo TASAF". Kenya, mpango unaofanana na huo unaitwa rasmi Inua Jamii, lakini wananchi wengi husema "pesa za wazee" au "pesa za mayatima".

Ofisi imeipa fedha jina la njia inayopitia. Mwananchi wa Tanzania ameipa jina la anayetoa, na wa Kenya jina la anayepewa. Natamani tuwe na jina linalotaja kazi ya fedha hiyo nyumbani kwa mtu, kwa sababu kwa mtoto wa kijijini kazi hiyo mara nyingi ndiyo inayoamua kama Januari ataingia darasani au atabaki kuchunga.

Tuanze na uhawilishaji. Ni neno la ukoo mmoja na hawala, ambayo wengi waliijua kupitia posta: unalipa hapa, ndugu yako anapokea kule. Kuhawilisha ni kuhamisha kitu kutoka mikono hii kwenda mikono mingine. Wataalamu walilihitaji neno hili kwa sababu nzuri. Fedha hii haikopeshwi, kwa hiyo hairudishwi. Pia si ujira. Ndani ya mpango huohuo wa TASAF kuna ajira za muda, ambapo wanakaya huchimba malambo au kutengeneza barabara na kulipwa kwa siku walizofanya kazi. Mhasibu asipotenganisha mafungu hayo, vitabu vyake vitavurugika. Kwa kazi hiyo uhawilishaji ni neno safi, na sioni haja ya kulitoa kwenye vitabu vya hesabu.

Neno jirani ni ruzuku, ambalo maofisa wenyewe hulitumia wakiwa mbele ya watu. Ruzuku ni ndugu wa riziki. Katika Kiswahili cha zamani na cha leo, Mungu humruzuku mja wake mtoto, mvua au afya. Ukisema bibi fulani amepewa ruzuku, tayari umegusa chakula chake na uhai wake. Ubaya ni kwamba neno hili lina kazi nyingi mno. Kuna mbolea ya ruzuku, kuna ruzuku ya vyama vya siasa, na kuna ruzuku ya uendeshaji ambayo serikali huipeleka shuleni kwa hesabu ya kila mwanafunzi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayochanganya zaidi katika suala la elimu. Mzazi husikia redioni kwamba ruzuku ya wanafunzi imetumwa, akadhani ni yake, kumbe imekwenda kwenye akaunti ya shule kununua chaki na kulipia mitihani. Ndiyo maana ninaona ni vizuri kusema ruzuku ya kaya. Neno moja la nyongeza linatosha kuonyesha ni ruzuku ipi.

Na kaya lenyewe lina uzito. Kwa nini si familia? Familia ni damu na ndoa. Kaya ni wale wanaolala chini ya paa moja na kula chungu kimoja. Vijijini bibi wengi wanalea wajukuu ambao wazazi wao wamefariki au wamekwenda mjini na hawarudi. Kama hesabu ingefanywa kwa familia, mjukuu huyo angetafutwa kwa baba aliyeko mbali. Kwa kuwa inafanywa kwa kaya, anahesabiwa kwa bibi yake, na fungu lake la shule linapokelewa na bibi yake.

Mpango huu wa TASAF, unaoitwa rasmi Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulizinduliwa mwaka 2012, baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Kwa viwango vilivyotumika katika kipindi chake cha kwanza, kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na nyingine 4,000 ikiwa ina watoto. Juu ya hapo kulikuwa na mafungu ya masharti: 2,000 kwa mtoto wa shule ya msingi, 4,000 kwa wa kidato cha kwanza hadi cha nne, 6,000 kwa wa kidato cha tano na sita. Chukua bibi mwenye mjukuu mmoja darasa la tano na mwingine kidato cha pili. Jumla yake ilikuwa 20,000 kwa mwezi, na kwa kuwa malipo yalitoka kila baada ya miezi miwili, siku ya dirisha la malipo alihesabiwa 40,000.

Mtu wa mjini anaweza kuiona pesa hiyo ni ndogo na kuuliza inasaidia nini wakati elimu ni bila malipo tangu Januari 2016. Swali hilo linastahili jibu refu, maana hapo ndipo wengi wanapokosea.

Ada iliondolewa, na ilikuwa hatua kubwa. Lakini ada haikuwahi kuwa gharama pekee ya shule. Mtoto anahitaji shati jeupe na kaptura au sketi, sweta kama shule iko kwenye baridi, viatu vyeusi, soksi, begi, madaftari, kalamu. Akifaulu kwenda sekondari, orodha ya kujiunga inaongeza sare ya pili, nguo za michezo, pengine rimu ya karatasi, jembe na fagio. Kuna uji au chakula cha mchana ambacho wazazi hukubaliana kukichangia, na mtoto ambaye kwao hawajachanga ndiye anayejisikia mgeni saa ya kula. Kuna sabuni ya kufulia sare hiyo moja. Na kuna gharama isiyoandikwa popote: kijana wa miaka kumi na minne ana nguvu za kulima vibarua au kuchunga ng'ombe wa jirani, na kila siku anayokaa darasani ni siku ambayo kaya imeukosa ujira huo. Kadiri anavyopanda madarasa ndivyo ujira huo unavyokua, na ndiyo maana ni haki fungu la kidato cha kwanza kuzidi la darasa la kwanza. Mexico walilifahamu hilo tangu walipoanzisha mpango wao wa Progresa mwaka 1997. Malipo yalipanda kwa darasa, na sekondari wasichana walipata zaidi ya wavulana, kwa sababu ndio waliokuwa wakiachishwa mapema.

Majaribio ya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha yalihusu vijiji 80, nusu vikiwa ndani ya mpango na nusu vikisubiri ili vilinganishwe. Kati ya yote yaliyopimwa, napenda kutaja viatu. Kaya zilizopata fedha zilionekana kuwanunulia watoto viatu zaidi kuliko kaya za vijiji vilivyosubiri. Pia zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, na zikafuga mbuzi na kuku wengi zaidi. Hakuna sharti lililosema nunua viatu. Mama alishika pesa, akaitazama miguu ya mwanawe, akaamua mwenyewe. Kiatu kinamfikisha mtoto shule njia ikiwa na miiba au tope, kinamkinga na minyoo, na kinamwondolea aibu ya kusimama mstarini peku mbele ya wenzake. Kwa wale wanaoamini kwamba maskini akipewa pesa ataimaliza kilabuni, matokeo hayo yanawataka wafikiri upya.

Sasa tuje kwenye masharti, neno ambalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Katika mpango huu sharti la elimu ni mahudhurio ya asilimia 80 ya siku za masomo. Mtoto asipoyafikia, fungu lake hupunguzwa. Kiswahili kimelizoea neno sharti katika mikataba ya nyumba na mikopo, na hata kwa mganga: ukivunja sharti, dawa haifanyi kazi na lawama ni yako. Hisia hiyo ya lawama inaingia kwenye ruzuku. Mtoto anaweza kukosa shule kwa sababu mto umejaa, au kwa sababu bibi anaumwa na hakuna wa kumchotea maji. Daftari la mahudhurio halina safu ya mto. Kaya iliyopata shida ndiyo inayokatwa.

Je, sharti linasaidia? Utafiti uliofanyika Zomba, Malawi, kati ya wasichana wa miaka 13 hadi 22, ulitoa jibu lenye pande mbili, nami naliamini kwa sababu halimpendelei yeyote. Kundi moja lilipewa fedha kwa sharti la kuhudhuria asilimia 80, jingine likapewa bila sharti lolote. Katika kubaki shuleni na katika mitihani, kundi la masharti lilifanya vizuri zaidi. Lakini katika kuepuka ndoa na mimba za mapema, kundi lisilo na masharti ndilo lililofanikiwa zaidi. Sababu inaeleweka. Msichana aliyekwisha kuacha shule hupoteza malipo yote chini ya masharti, na hapo ndipo anapohitaji fedha ili asiozwe. Sharti lilimsukuma aliyekuwa ndani na kumwacha aliyekuwa nje.

Moroko walijaribu njia ya tatu katika vijiji vyao, katika mpango wa Tayssir ulioanza mwaka 2008. Kaya nyingine hazikuwekewa sharti la mahudhurio, lakini ziliandikishwa shuleni kwa mwalimu mkuu na kuambiwa wazi kwamba fedha hiyo ni ya elimu ya watoto. Utoro na kuacha shule vilipungua sana, na kuongeza masharti hakukuleta faida zaidi. Wazazi walichukua maneno ya mwalimu mkuu kama ushahidi kwamba serikali inaona elimu ina maana. Aina hii ya ruzuku bado haina jina lililozoeleka kwa Kiswahili. Mimi ningeiita ruzuku ya nia. Anayetoa ametaja nia yake hadharani, mzazi ameisikia, na anaaminiwa kuitimiza. Mswahili anajua kwamba jambo lililotiwa nia haliko sawa na lililofanywa tu.

Neno la mwisho ni kuhitimu. Kaya ambayo hali yake imeinuka, ikaondolewa kwenye orodha ya walengwa, husemwa kuwa imehitimu. Ninaelewa furaha iliyokusudiwa, maana kuna akina mama walioanza na vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, wakapata mbuzi, kisha bati, na leo hawahitaji kusubiri dirisha. Ila kuhitimu, kwa kila mzazi, ni jambo la mtoto na cheti chake. Kaya inaweza kutangazwa imehitimu huku mjukuu akiwa kidato cha pili, na miaka miwili iliyobaki ndiyo yenye gharama kubwa na vishawishi vingi vya kuacha. Tathmini huangalia paa, mifugo na milo. Ningependa iangalie pia darasa. Kaya yenye mwanafunzi wa sekondari ingepaswa kuendelea kupata fungu lake la elimu hadi amalize kidato cha nne, hata kama ruzuku ya msingi imekoma, na katika fomu ya mwezeshaji neno kuhitimu lingewekwa kwa huyo mwanafunzi. Kwa kaya, neno kuondoka linatosha.