Maisha ni kamari, lakini kamari gani?

Leo tuweke kando lugha za programu, niwape historia kidogo.

Hapa Kenol msemo "maisha ni kamari" hauishi midomoni. Mvua ikikataa baada ya watu kupanda, utausikia. Kijana akituma barua za kazi bila jibu, utausikia. Mji wenyewe ni bahati: jina lake lilitoka kwa kituo cha mafuta cha kampuni ya Kenol, kampuni hiyo ikanunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019, mji ukabaki na jina. Sasa mimi huuliza swali la mtu wa kompyuta: kamari gani? Maana michezo haifanani.

Tuanze na karata. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698. Wao wakaenda, maneno ya meza yao yakabaki. Kopa, uru, shupaza na pau ni Kireno: copas, ouros, espadas, paus. Hata turufu, ile wanasiasa wetu wanayosema wameificha, ni trunfo ya Wareno.

Poka ni changa zaidi. Ilikulia Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa New Orleans na ndani ya meli za mto Mississippi. Huku kwetu jina limekuja likapewa kazi nyingine: ukiwaambia vijana "tucheze poka", wengi watagawa kadi za ule mchezo ambao mbili na tatu zinamlisha jirani, na kabla ya kumaliza ni lazima utangaze "niko kadi". Poka ya Marekani ina kitu kingine: dau, na ruhusa ya kudanganya.

Hapo ndipo wanahisabati walipoingia. Katika bao au sataranji kila kitu kiko wazi. Kete zote unaziona, na ukifungwa ni kwa sababu mwenzako alihesabu mbali kuliko wewe. Katika poka unaziona karata zako tu. John von Neumann, yule yule ambaye jina lake tunalisoma darasani tukifundishwa muundo wa kompyuta, aliandika kuhusu michezo ya namna hii mwaka 1928. Mwaka 1944, yeye na Oskar Morgenstern wakatoa kitabu kilichoweka msingi wa nadharia ya michezo, na ndani yake mna sehemu nzima ya poka. Alionyesha kwa hesabu kwamba kutishia ukiwa na karata mbovu si tabia mbaya tu. Usipofanya hivyo kabisa, wenzako watakusoma kama gazeti.

Kompyuta ilimshinda Garry Kasparov katika sataranji mwaka 1997. Poka ilichukua miaka 20 zaidi. Januari 2017 programu ya Libratus, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika michezo 120,000. Mwaka 2019 Pluribus ikashinda kwenye meza ya watu sita.

Mzizi wa programu hizi ni mbinu iliyochapishwa mwaka 2007 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, na jina lake limejengwa juu ya majuto. Programu inacheza na nafsi yake. Kila baada ya mchezo inapima: ningefanya lile lingine, ningepata zaidi kiasi gani? Majuto hayo yanajumlishwa, na kesho yale yenye majuto makubwa yanachaguliwa mara nyingi zaidi. Sisi tunasema majuto ni mjukuu. Wao wamemfanya mjukuu awe mwalimu.

Funzo la kwanza: tenganisha uamuzi na matokeo. Ukishika ree mbili dhidi ya karata zozote za mtu mmoja, utashinda takriban mara 85 kwa 100. Mara 15 utapigwa, na bado ulicheza vizuri. Vivyo hivyo, aliyenunua ploti kabla barabara ya Kenol–Sagana–Marua haijapanuliwa tunamwita mjanja. Pengine. Pengine alipewa karata nzuri tu. Na aliyepanda kwa wakati mvua ikamkimbia, tusimwite mjinga.

Funzo la pili ndilo linaloniuma. Mashine ilijifunza kwa kupoteza mamilioni ya michezo isiyogharimu hata shilingi. Kijana mwenye karo ya muhula kwenye M-Pesa anaweza kupoteza mara moja tu. Tena hachezi poka. Katika poka wachezaji hunyang'anyana wao kwa wao, na ujuzi una nafasi. Katika kubeti, kampuni ndiyo inayopanga bei, na imeshaweka faida yake ndani kabla hujabonyeza. Kwenye pata potea ya steji hata bahati haipo: karata inahamishwa kwa mkono, na yule "aliyeshinda" mbele yako ni mwenzao.

Kwa hiyo maisha yanafanana na poka kwa jambo moja: hujui karata za wenzako, lakini ni lazima uamue. Hapo hatuna hiari. Meza nyingine, hiari tunayo. Kabla ya kuweka dau uliza meza hii ni ya nani, na ukipigwa utabaki na nini cha kuchezea kesho.

Haya, wewe unaona maisha ni bao au ni karata? Niambieni. Tuonane wiki ijayo.