Ushahidi Usikae Kilima Kimoja: Mutaho na Historia ya Kulinda Mali

Pochi ya sarafu za kidijitali huonekana kuwa jambo lisilo na historia katika nchi kama Burundi. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Swali linalomsumbua mwenye pochi ni la zamani: ushahidi wa mali uwekwe wapi ili usipotee wala usiibwe? Vilima vya Mutaho, kaskazini mwa mkoa wa Gitega, vimelijibu swali hilo mara nyingi, na si kila jibu lilifaulu.

Kabla ya hati za ardhi, ushahidi ulikaa vichwani mwa watu. Shamba lilipouzwa au kurithishwa, au ng'ombe alipotolewa kwa desturi ya ubugabire, mapatano yalifanywa mbele ya Bashingantahe, wazee waliotawazwa kusuluhisha na kushuhudia. Nguvu ya utaratibu huo ilikuwa wingi wa mashahidi. Mzee mmoja akifa, wengine walibaki. Mmoja akihongwa, wenzake walimkanusha. Kwa lugha ya leo, kila mzee alikuwa nakala rudufu.

Udhaifu wake ni kwamba mashahidi wote waliishi jirani. Mauaji ya 1972 yaliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania na nchi nyingine. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, damu ilimwagika tena, Mutaho ikiwemo. Wengine walikimbilia ng'ambo, wengine wakaishia kambi za wahamaji wa ndani. Mwenye shamba na mashahidi wake waliweza kutoweka kwa juma moja. Wakimbizi waliporudi walikuta udongo upo, lakini wa kuusemea hayupo. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB, kushughulikia migogoro hiyo.

Sasa tuitazame pochi. Bitcoin, iliyoanza kutumika Januari 2009, haikai ndani ya simu. Hesabu zake zimo katika daftari moja lililonakiliwa kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Pochi hutunza ufunguo wa siri tu, na tangu 2013 pochi nyingi huuandika ufunguo huo kwa maneno ya kawaida, 12 hadi 24, yanayotoka katika orodha ya maneno 2,048. Anayeyajua ndiye mwenye mali. Mwaka huohuo wa 2013, James Howells wa Newport, Wales, alipoteza diski yenye ufunguo wa maelfu ya Bitcoin, ikaishia jalalani. Daftari bado linazionyesha, ila hawezi kuzigusa. Hapa Burundi hali ni ngumu zaidi: Benki ya Jamhuri ilipiga marufuku biashara ya sarafu hizi mwaka 2019, hivyo aliyepoteza hana ofisi ya kumlilia.

Mwenye pochi hukabiliwa na hatari mbili zinazovutana. Nakala moja hupotea kirahisi. Nakala nyingi huibwa kirahisi. Picha ya maneno hayo iliyoachwa kwenye simu au barua pepe ni mlango wazi, na karatasi moja chini ya godoro huungua pamoja na nyumba. Mwaka 1979 mwanahisabati Adi Shamir alionyesha njia ya kugawa siri, kwa mfano katika vipande vitatu, ambapo viwili vyovyote vinaifufua na kimoja peke yake hakisemi kitu. Hiyo ni hekima ya Bashingantahe kwa hesabu. Lakini 1972 na 1993 zinaongeza sharti: vipande visikae kilima kimoja. Kimoja kikiwa Mutaho, kingine Gitega mjini na cha tatu Muyinga, tukio la siku moja haliwezi kuvifagia vyote. Pia ni lazima kuwe na mrithi anayejua kwamba vipo, na urejeshaji ujaribiwe kabla ya kuweka kiasi kikubwa.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Bashingantahe walisikiliza, wakapima, wakamrudishia haki aliyedhulumiwa. Daftari la kompyuta halisikilizi mtu. Linatambua ufunguo tu. Anayechagua pochi anabeba peke yake kazi iliyokuwa ya baraza zima, na anapaswa kulijua hilo kabla hajaweka faranga yake ya kwanza.